Kinyozi, Shemeji Yake na Kiti cha Kulia

Kinyozi na shemeji yake hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Marehemu, mke wa kinyozi, alipokuwa hai aliwatuliza kwa jicho tu. Sasa hayupo, na wawili hao wamesimama kwenye uwanja wa ndege ndogo, kila mmoja kanuna.

Tangu msiba, kinyozi hakuwa amerusha ndege. Chama chao cha marubani wa kujifurahisha kina sheria: aliyekaa chini muda mrefu hupimwa kwanza na mwalimu, ndipo aruhusiwe kupanda peke yake. Mwalimu ndiye huyo huyo shemeji, kaka wa marehemu. Kinyozi aliitaka ruhusa hiyo tu. Hakutaka mtu kwenye kiti cha kulia. Kile kilikuwa cha mkewe.

"Mwenyekiti kanilazimisha," shemeji akasema. "Ningekuwa na hiari, ningekuacha ukanyoe vichwa."

"Chako kingenivunjia mashine, shemeji."

Wakaisukuma ndege nje ya banda. Kuukuu, ya viti viwili, mlango haufungi mpaka ubamizwe. Kinyozi akaizunguka. Akabonyeza matairi. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakisoma. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa pangaboi kutafuta pengo, kama apimavyo wembe. Shemeji kakunja mikono, anamtazama.

"Panda," kinyozi akasema.

Injini ikakohoa, ikashika. Wakajongea hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Kinyozi alikuwa tayari kuikimbiza iruke, shemeji akanyoosha mkono akaizima injini.

"Nani katoa maji kwenye matangi?"

Ndege ikilala, unyevu hugeuka maji ndani ya tangi, yakazama chini ya mafuta. Yakiingia kwenye injini mkiwa juu, imekwisha habari yenu. Kwa hiyo kabla ya kuruka mtu huchuchumaa chini ya bawa, akakinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha kioo, akayatazama. Kinyozi hakuwahi kukinga. Yeye alizunguka, mkewe akakinga. Miaka yote.

"Mama watoto," akajibu. Lilimtoka tu.

"Dada yangu yuko kaburini!"

Kinyozi akamgeukia. "Uliona sijatoa?"

"Tangu pale bandani."

"Ukanyamaza."

"Nilikuja kukupima, sikuja kukukumbusha. Kila kitu ulimwachia yeye. Na nyumbani hivyo hivyo."

Kinyozi akausukuma mlango. Akashuka, akachuchumaa, magoti yakalia. Akakinga. Chini ya kikombe kulikuwa na maji, yamejitenga na mafuta, yanamtazama. Akamwaga. Akakinga tena, na tena, mpaka pakawa safi. Akahamia bawa la pili.

"Peke yako hupandi," shemeji akasema, naye kashuka, kasimama juu yake. "Utapanda na mtu."

"Mtu gani?"

"Wenzako hawakutaki, una mdomo. Nimebaki mimi."

"Bora nikae chini."

"Kaa. Nani atakulilia?"

Kinyozi akatazama mfuko wa upepo juu ya mlingoti. Umejaa, umetulia, unaelekea pale pale atakapo rubani. Asubuhi kama ile kuiacha ipite! Akakitazama kiti cha kulia. Akasonya.

"Panda. Usiguse kitu. Usiseme kitu."

Wakaondoka. Vijiwe viligonga tumbo la ndege, kisha vikaacha, na hapo kinyozi akajua ardhi imewaachia. Mabati ya mji yakasinyaa. Usukani ukawa mwepesi mkononi. Kifua kilichombana tangu mazishi kikalegea, akavuta pumzi mpaka chini.

"Pua umeiinua mno," shemeji akasema.

"Nimekwambia nini?"

"Shusha pua, mzee."

Akaishusha. Kidogo tu, kwa kinyongo.