Dajaja Ilivyotaka Kuninyima Mke

Nichekeni tu jamani, maana mimi mwenyewe nikiikumbuka siku ile natafuta pa kuficha uso.

Mimi natandika vitanda kwenye loji moja Mikumi, na taulo za wageni nazikunja zinakuwa bata maji wa shingo ndefu (bata maji mzima mwenyewe sijawahi kumwona, nasikia anakaa nchi za baridi). Siku moja muongoza wageni akanionyesha kwamba ndege huyo yuko hata mbinguni, nyota zimejipanga kama msalaba upande wa kaskazini, kundi lao linaitwa Dajaja. Weee, likaniingia kichwani! Nikaandika DAJAJA kwenye madigadi ya pikipiki, timu yetu ya mpira nayo nikaibatiza Dajaja (tulifungwa kila mechi, lakini jina lilivuma).

Na pikipiki hiyohiyo ndiyo tuliyopanda kwenda Zombo kumposa Neema. Sasa kwetu mwoaji kwenye posa hasemi, anasema mshenga, na mama mkwe humsogelei, ukimwona anakuja unapisha. Mshenga wangu, mjomba Mathayo, alinionya njia nzima, "Leo mdomo wako uko likizo." Nikasema sawa mjomba.

Mambo yakaenda vizuri, tumekaa uani na wazee, giza linaingia, tunangoja chakula na jibu, mara baba yake Neema akamuuliza mjomba, "Hivi hilo Dajaja kwenye pikipiki ni nini?"

"Jina tu la pikipiki, mzee."

Jina tu? Hapo shetani akanipitia, nikasimama.

"Baba, samahani, tazama kule kaskazini," nikaanza, mikono nimeitanua, bawa hili, bawa lile, ile inayong'aa ndiyo mkia, na ili waone vizuri narudi nyuma kidogo, macho juu (mjomba anakohoa, mimi nadhani vumbi), narudi tena, mpaka nikamgonga mtu, nikageuka haraka nikamdaka asianguke. Mama mkwe! Ametoka jikoni na bakuli la mchuzi wa kuku, mchuzi wote umeishia kwenye shati langu jeupe, na mimi nimemkumbatia mama wa watu mbele ya ukoo mzima.

Mama akakimbilia ndani. Nikajua Neema ndiyo basi tena, na sitanii, machozi yalinilenga.

"Kijana," baba akasema taratibu, "ndege wako ametua juu ya kuku wangu."

Watu wakaangua kicheko, shangazi mmoja akashindwa kusimama akakaa chini kabisa, lakini mimi sikucheka, kwa sababu wazee walinitoza mbuzi wa kuomba radhi halafu wakasema aliyekosewa ni mama, basi jibu la posa atalitoa yeye. Tukangoja. Nilikuwa nanuka bizari.

Mwisho sauti ikatoka dirishani, "Mwambieni huyo mkwe wangu, bawa la pili sijaliona. Aje anionyeshe, ila akiwa amekaa!"

"Amesema mkwe!" mjomba akaniminya bega, na vigelegele vikapasuka uani kote.

Neema ninaye nyumbani, namshukuru Mungu. Ila wazee wakiongea mimi nanyamaza, na nyota, ndugu zangu, siku hizi naziangalia nimekaa chini, mgongo ukutani.