Masikio ya Baba

Lori lilianza kulia nilipoipita Salaita, nikiwa nimebeba ndizi za Taveta kupeleka Voi. Ulikuwa mlio mwepesi, tik-tik-tik, ukienda mbio kila nilipokanyaga mafuta. Nilizima redio, nikafunga madirisha na joto lote lile, nikasikiliza. Halafu, sifichi, nikaanza kumwomba Mungu iwe ni ile sauti nyingine.

Sauti nyingine ni ngo, ngo, ngo, nzito, kutoka chini, beringi zikiwa zimelika. Tik-tik hutoka juu, kwenye tapeti, na fundi yeyote huimaliza kabla ya chai ya saa nne. Ngo-ngo ni kifo cha injini. Na baba alikuwa ameshanipa neno lake: injini hii ikifa, hanunui nyingine. Atauza lori kama chuma chakavu, nami niende Mghange nikakae na mume wangu na watoto wangu, ambao nilikuwa nikiwaona Jumapili kama mgeni.

Mtu atauliza kwa nini sikuacha tu. Mimi nimepewa jina la mama yake baba, na kwetu magharibi mwa Kenya, tulikotoka, hilo si jambo la mzaha. Tangu nikiwa mchanga ananiita mama. Dereva wa kuajiriwa hataki hata kumsikia. Anasema lori likiwa mikononi mwa mama yake, yeye analala usingizi. Jaribu kumjibu mzee wa namna hiyo. Mimi nilijaribu mara nyingi, na kila mara nilijikuta nimeshika usukani.

Baba alistaafu reli hapa Voi. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga magurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti butu. Nyundo alikuja nayo nyumbani, na hata injini huisikiliza kwa hiyo, kichwa cha nyundo kwenye chuma, mpini sikioni.

Nilipofika uani aliniambia nisizime. Akasikiliza juu, akasikiliza chini, akarudi juu. Akalegeza nati za mabomba ya dizeli moja moja, ili kila silinda ife kwa zamu yake, maana ngo-ngo ya beringi hupungua silinda yake ikifa. Akazikaza tena, akasimama huku dizeli ikimchuruzika vidoleni. Kisha akanipa nyundo.

"Mama," akasema, "mimi sisikii tena. Ni muda sasa. Sikiza wewe uniambie."

Sikuwa najua. Nilipandwa na hasira, sijui kwa nani. Neno moja tu, nami ningelala Mghange wiki hiyo hiyo, kwenye baridi, watoto wakinipiga mateke usingizini. Hangemwita fundi kulihakikisha. Neno langu lilimtosha.

Nikaweka kichwa cha nyundo kwenye bakuli la oili lililo chini ya injini, nikasikiliza kwa moyo wote. Injini ilinguruma vizuri, hakuna kilichobisha. Nikapanda juu, kwenye kifuniko cha tapeti, na tik-tik ikanijaa sikioni. Baba alikuwa akinitazama mdomo, kama watoto wangu wanavyonitazama nikifungua mfuko siku ya Jumapili.

"Tapeti, baba," nikasema. Ilibidi nirudie kwa sauti kubwa. "Ni tapeti tu."

Akacheka, akamshukuru Mungu. Alizirekebisha mwenyewe, mikono yake bado iko sawa, kisha akaniomba niwashe na nimweleze kama sauti imeisha. Ilikuwa imeisha.

Nikampigia mume wangu kumwambia lori limepona. Nyuma yake niliwasikia watoto wakigombania kitu.

"Kwa hivyo?" akauliza.

"Kesho kutwa napakia Taveta."