Siku Tulipopaka Pine Mafuta ya Ng'ombe

Sisi tuliokulia juu ya vilima vya Masisi, wakati pikipiki ilikuwa bado inaheshimiwa kama ng'ombe wa maziwa, tutaelewana bila maneno mengi. Mnakumbuka jinsi nyumba yenye pikipiki ilivyojulikana kutoka mbali: mfereji mwembamba wa gurudumu kwenye matope mbele ya mlango, harufu ya mafuta ya injini ikichanganyika na moshi wa jikoni, na kundi la watoto waliochuchumaa pembeni wakingoja iwashwe ili wakimbie nyuma yake. Tairi sisi tuliita pine. Hata leo nikisikia mtu anasema tairi, naona kama anazungumzia gari la watu wengine.

Pine kuukuu ndiyo iliyokuwa mchezo wetu. Tuliipandisha kilimani kwa zamu, tukaiachia, kisha tukaikimbilia nyasini miguu mitupu hadi kijitoni. Mara nyingine ilipita katikati ya ng'ombe wa jirani, nao wakatawanyika mikia juu, na mama mwenye ng'ombe akatoka nje na mwiko mkononi: "Mutaniulia ndama, batoto nyinyi! Leo nitamuambia baba yenu!" Alimwambia kweli. Jioni tulikula maharage na viazi na maziwa ya mgando bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.

Baba alikuwa hapeleki pikipiki kwa kwado. Fundi wa kuziba matundu alikuwa mbali, na baba alisema kazi ya pine ni kazi ya nyumbani kama kukamua. Alilaza gurudumu uani, akatuita sote tupande juu ya mpira na kurukaruka mpaka ukingo wake uachane na chuma cha janti. Kisha akachomeka vyuma viwili bapa, akainua polepole, akavuta shambreri, ule mpira wa ndani, akauzamisha ndani ya beseni. Aliyeona mapovu kwanza alipewa kipande cha fromaji, jibini letu la kilimani. Mdogo wetu wa mwisho, Zawadi, aliyaona mapovu hata mahali ambapo hayakuwepo.

Mama alitutoka kwa ugonjwa, na baba naye hakukaa sana. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Niliacha shule nikiwa bado kwenye primeri, nikachukua ufunguo wa pikipiki, miguu yangu ikigusa chini kwa shida. Kazi niliyoipata ilikuwa kukusanya maziwa kwenye malisho kila asubuhi na kuyafikisha kwa mzee mmoja aliyetengeneza fromaji upande wa pili wa kilima. Kila mtu alimwita Papa Fromaji, hata padri. Kwa kazi hiyo tulikula, na wadogo zangu watatu walisoma: Furaha, msichana aliyenifuata, mwenye ulimi mkali kuliko wembe, Bahati, aliyependa pikipiki kuliko chakula, na huyo Zawadi wa mapovu.

Lakini ukoo ulikuwa na hofu, na sikuwalaumu. Mjomba wetu, kaka wa mama, aliishi Walikale ndani ya misitu, akilima na kuwinda. Shangazi aliishi Kashuga. Walikuwa wamekubaliana kwamba mtoto hawezi kulea watoto: Mjomba angemchukua Bahati, Shangazi angechukua wasichana wawili, nami ningebaki na nyumba. Niliomba wanipe muda. Mjomba akatuma ujumbe kwamba atakuja mwenyewe aone kama hiyo kazi ya maziwa ipo kweli.

Habari hiyo ilinikuta vibaya. Pine ya nyuma ilikuwa imekwisha. Furaha, aliyeniita yaya kwa kuwa ni mkubwa wake, aliipapasa akasema, "Yaya, hii iko laini sawa kichwa ya muzee." Ilikuwa ikitoboka ovyo njiani, na siku moja maziwa yangu yalikuwa yameshamfikia Papa Fromaji yakiwa yamekatika. Alikuwa mzee mpole, lakini siku ile aliniwekea mkono begani akasema taratibu: "Mutoto yangu, maziwa haingojake. Ikikatika tena, kazi nitapatia mwingine. Usinikasirikie."

Tuliuza gunia la maharage, nikashuka sokoni Masisi kutafuta pine. Ninyi wa umri wangu mnajua jinsi pine ilivyonunuliwa. Hukununua inayong'aa. Wajanja walikuwa wakichukua pine zilizokwisha, wakazichonga meno upya kwa kisu cha moto, kisha wakazipaka siraji ya viatu. Baba alinifundisha kusugua kwa kidole gumba na kunusa. Nikanusa.

"Weye unanunua pine ao unanunua samaki?" muuzaji akaniuliza, na watu wakacheka.

"Papa, mbona hii iko na harufu ya viatu ya Jumapili?"

Nikamwonyesha kidole changu, cheusi tii. Watu wakacheka tena, safari hii upande wangu. Alinung'unika, akavuta nyingine kutoka chini ya maturubai, ngumu, yenye meno marefu ya matope na vile vinywele vidogo vya mpira ambavyo pine mpya huwa navyo. Niliivaa begani kama shanga, nikapanda nayo mlima hadi nyumbani. Bahati na Zawadi walinipokea njiani wakaanza kugombania kung'oa vile vinywele.

Kuvua pine ya zamani haikuwa shida. Walirukaruka juu yake wakiimba. Shida ilikuwa kuvisha mpya. Ilikuwa ngumu, na upande mmoja ulikataa kabisa kuingia kwenye janti. Baba alikuwa akipaka povu la sabuni ili mpira uteleze. Sabuni tuliyobaki nayo ilikuwa kijipande tulichokitunza kwa nguo za misa, na Furaha alikikalia.

"Haugusi," akasema. "Mujomba anakuja, unataka akute batoto bachafu, aseme njo sababu anatubeba?"

"Sasa nitapaka nini? Mate?"

Akaingia ndani akatoka na kibuyu cha mafuta ya ng'ombe, aliyoyasukasuka mwenyewe. "Hii inatelezeshaka kila kitu. Ata ugali ya jana."

Wazo lilikuwa zuri mno. Nilipaka ukingo wote, ndani na nje, nikabana kwa chuma mara moja tu, na pine ikaingia plop, kama mguu kwenye buti la mvua. Tulipiga makofi. Tukajaza upepo kwa pompi, kila mmoja kwa zamu. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini baba, ambaye ng'ombe alikuwa nao na mafuta alikuwa nayo, siku zote alitumia sabuni.

Mjomba alifika jioni hiyohiyo, amechoka, suruali imelowa hadi magotini. Alileta nyama iliyokaushwa kwa moshi, mafuta ya mawese, na panga dogo alilomtengenezea Bahati, mpini wake umelainishwa vizuri. Bahati alilizungusha mkononi, na Mjomba akamwangalia namna ambayo niliielewa mara moja. Yeye alikuwa na mabinti tu. Alimtaka yule mtoto, na si kwa ajili ya kumsaidia tu.

"Kesho nitapanda nyuma yako," akaniambia tulipokwisha kula. "Nione huyo muzee wa fromaji kwa macho yangu. Kazi ikiwa iko, mutabaki pamoja. Ikiwa haiko, usinisumbue na machozi, weye ni mukubwa."

"Sawa, Mujomba."

"Shangazi yako naye nimemuambia hivyo."

Asubuhi tulizunguka malishoni, tukafunga madumu ya maziwa, bidoni mbili, ubavuni, Mjomba katikati ameshika kofia yake kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine. Panga la Bahati alikuwa amelichomeka kiunoni, maana mtu wa Walikale hatembei mikono mitupu. Kila tulipopita nyumba, mbwa walitoka. Si kutubwekea. Walitukimbilia nyuma kimya kimya, pua zimeelekea gurudumu, na tuliposimama kidogo kuruhusu ng'ombe wapite, mbwa wawili wakaanza kulamba pine.

"Ku Masisi imbwa zinakulaka pikipiki?" Mjomba akauliza.

Nilimwambia ni desturi yao. Ningesema nini?

Tulipofika kwenye mpando mkali, nikaongeza moto. Pikipiki ikanguruma, gurudumu la nyuma likacheza, kisha nikasikia sauti fupi kama kitambaa kinachochanika, na pine ikakaa chini, haina upepo. Nilipolivua gurudumu nikaona kilichotokea. Yale mafuta hayakukauka kama povu la sabuni linavyokauka. Pine ilikuwa ikiteleza juu ya janti kidogo kidogo tangu tulipotoka, ikaivuta shambreri nayo, mpaka shingo ya valivu, pale pa kutilia upepo, ikakatika kabisa. Hapo hakuna kiraka kinachosaidia. Jua lilikuwa linapanda. Nikagusa bidoni: ilikuwa bado baridi, lakini haingebaki hivyo.

Nilikaa kwenye majani. Akilini nilimwona Bahati akishuka kuelekea msituni, na wasichana wakienda upande mwingine, na mimi nikilala peke yangu kwenye nyumba ile. Mjomba alikuwa amesimama akiniangalia. Angeweza kusema, basi, nimeona. Angeweza hata kukaa kivulini, kwa sababu kungoja tu kungetosha: maziwa yangekatika, kazi ingeenda kwa mwingine, naye angerudi Walikale na mtoto wa kiume aliyemtaka, bila kumkosea mtu yeyote.

Alichomoa panga. "Unakaa nini? Ku kwenu mafundi wanafanyaka nini pine ikikufa hivi?"

"Wanajaza majani."

"Basi inuka, kijana! Maziwa inakufa!"

Alikata nyasi kama mtu anayefyeka shamba la adui. Mimi nilipanua ukingo wa pine kwa vyuma, yeye akapiga magoti kwenye matope akawa anashindilia nyasi ndani kwa mpini wa panga, anapiga, anaongeza, anapiga tena, jasho linamchuruzika puani. "Ijae! Ijae sawa tumbo ya padri siku ya Noeli!" Mikono yake ilinuka mafuta ya ng'ombe na nyasi mbichi. Tulipofunga, tukaibana pine na janti kwa mikanda ya mpira tuliyofungia bidoni moja, nikawasha pikipiki, na tangu hapo Mjomba hakupanda tena. Bidoni moja aliibeba kichwani, akawa anatembea kwa haraka nyuma yangu, huku mimi na ile nyingine tukirukaruka polepole kama chura.

Papa Fromaji alikuwa ameshatoka mlangoni, anatazama njia. Akaangalia gurudumu, nyasi zikichungulia pembeni. "Siku hizi pikipiki yenu inakula majani sawa ngombe?"

Hakungoja jibu. Alichota maziwa kwa kijiko chake kirefu, akakishika juu ya moto. Sisi wote tulimfahamu kwa kile kijiko. Maziwa mabaya yakipata moto hukatika vipandevipande, na hapo hakuna maombi. Mjomba alivua kofia. Mapovu madogo yakaanza kuinuka pembezoni mwa kijiko. Papa Fromaji akakiinamisha huku na huku, akanusa, akakitazama tena.

"Mwaga ndani," akasema.

Ni maneno mawili tu. Niliinua bidoni ya kwanza kwa mikono miwili nikamwaga. Mjomba alicheka kwa sauti kubwa hadi kuku wakakimbia, kisha akageuka haraka akaelekea ukutani, akajifuta uso kwa kofia yake.

Kurudi tulitembea kwa miguu, tukisukuma pikipiki. Mwishowe Mjomba akaguna: "Nitamuambia nini muke wangu? Nilimuacha anatandika kitanda ya kijana."

"Mwambie tuko pamoja, Mujomba."

"Njo vile," akasema. "Nitamuambia muko pamoja."

Siku iliyofuata alikaa uani akatazama tukivisha shambreri mpya, kwa sabuni, Furaha akikililia kijipande chake. Kisha akaondoka peke yake. Panga alimwachia Bahati, na kila mwaka baada ya mavuno alituma mtu kuuliza kama bado tunakula.

Leo vijana wa pikipiki wananishangaza. Wana miwani ya jua, wana muziki kwenye pikipiki, na pine ikitoboka wanapiga simu kwa kwado kisha wanakaa jiweni kutazama video mpaka mtu afike. Mmoja nilimkuta njiani hivi karibuni, pine iko chini, simu yake nayo imeisha moto. Aliniuliza kama nina chaja. Nikamwambia nina vyuma. Akacheka, akafikiri ni mzaha wa wazee. Pine nazo siku hizi ni nafuu na imara, hata kule Rubaya kwenye mashimo ya madini wanazibadilisha kama soksi, na silalamiki. Mtu aliyewahi kushindilia nyasi njiani hawezi kulalamikia urahisi.

Tulikuwa na njaa kuliko wao, na tulikuwa wengi uani kuliko wao. Hilo la pili ndilo ninalolikosa. Furaha aliolewa, na kwake hakuna mtoto anayegusa sabuni bila ruhusa. Zawadi anafundisha shule. Bahati, akiwa mwanaume mzima, alikwenda Walikale mwenyewe kwa pikipiki yake, akalima kando ya Mjomba mpaka mzee yule alipozeeka, akamzika kama mtoto anavyomzika baba. Nyumba yangu ni kimya jioni. Lakini ninalala usingizi mzuri, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyetolewa hapa akivutwa mkono na kutazama nyuma. Kila mmoja alikuwa mkubwa siku aliyoondoka, alikuwa ameshiba, na alinipigia honi kutoka kona ya chini.