Siku Waliposoma Karte Yangu

Miaka ile ya Zaire, kila mtu mjini Kindu aliitwa kwa neno la chama tawala, la Kifaransa, lenye maana ya mwananchi: mwanaume citoyen, mwanamke citoyenne. Wengine walilitamka bila kufikiri. Mimi nilitega sikio kila mara, maana ndilo lililonionyesha mtu ameniona vipi.

Nilizaliwa Kailo, nikapewa jina la kiume, na baadaye karte, yaani kitambulisho, ya kiume. Nilipohamia Kindu nilikuwa nimeshaanza kujifunga kikwembe kama wanawake na kusuka nywele. Nilipanga chumba kwa mama mmoja Mwislamu, mjane, nikaweka cherehani barazani. Wanawake walipenda mishono yangu. Lakini walipokuwa wakijaribu nguo, macho yao yalinipitia kooni, mikononi, miguuni. Nami niliwachunguza vilevile, nikijiuliza nani ameshajua.

Mwenye nyumba ndiye aliyenitia wasiwasi kuliko wote. Hakuniuliza kitu. Aliniita binti yangu, akaniletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, ingali moto. Wema wa bure ulinitisha. Nilipomwona akinong'ona na jirani, nilisimamisha cherehani nisikilize.

Jumamosi moja tulikuwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani barabarani. Kijana wa chama alipita akikagua vitambulisho. Alifika kwangu katika safu ya wanawake, akasoma karte, akanitazama, akasoma tena.

"Hii njo ya nani?"

"Njo yangu."

"Mbona imeandikwa mwanaume?"

Wanawake wa safu yetu waligeuka kunitazama. Mteja wangu mmoja, aliyevaa blauzi niliyomshonea wiki ileile, alicheka. "Nilisema mie! Muangalie mikono yake."

Walinipeleka ofisini kwa mkuu wa mtaa. Mkuu aliniamuru nivue kitambaa cha kichwa. Nilikivua, nikakishika mapajani.

"Citoyen," alisema, akilivuta neno. "Unadanganya watu tangu lini?"

Kichwani mwangu nilikuwa na jambo moja tu: mwenye nyumba ameniuza, ndiye aliyemwelekeza yule kijana kwangu. Nani mwingine angeweza?

Mara mlango ukafunguka, akaingia yeye mwenyewe, akihema, mtandio umemteleza begani. Aliketi kabla hajakaribishwa.

"Nimekuja kuchukua binti yangu."

"Mama, unajua karte yake inasema nini?"

"Sikusoma mie. Nilipougua, huyu njo aliyenipikia uji, akanifulia. Karte ilikuwa wapi siku ile?"

Mkuu alijikuna shingo. Yule mama alikuwa na umri wa mama yake, na nusu ya mtaa walimwamkia kila asubuhi. Mwishowe mkuu aliitupa karte mezani, akaniambia nisionekane tena kwenye safu ya wanawake.

Tulipotoka nilimuuliza, "Mama, nani alikuambia niko kule?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Tembea, mwanangu. Jua ni kali."

Mwanangu. Hakusema binti yangu. Neno lile nilikaa nalo miezi, nikiligeuza huku na huku. Aliitwa na nani? Au alikuwa na makubaliano na mkuu? Sombe yake niliendelea kuila, ila nilisubiri aanze yeye kula.

Wateja walipungua. Yule aliyecheka alirudi na kitambaa cha harusi ya mwanawe, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimpima bila kumpa mgongo.

Mwaka uliofuata mwenye nyumba aliamua kuhamia Lokandu kwa dada yake. Alinishika mkono. "Twende wote. Kule iko nafasi ya cherehani, na dada yangu nimeshamwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba nakuja na binti yangu."

Nilihisi mtego. Nilimwambia nitafuata baadaye, naye akajua kwamba sitafuata. Mtumbwi wake ulipoachana na ukingo wa mto Lualaba, nilikuwa bado nautafuta uso wake, nikitaka kuona alichoficha. Alikuwa analia tu. Nilirudi nyumbani peke yangu, nikakumbuka kuwa hata asante ya siku ile ya ofisini sikuwahi kumpa.