Sweta ya Kijani kutoka Pap Onditi

Sufu iliyolowa ina harufu isiyofanana na nyingine. Ni kama mbuzi aliyenyeshewa, na ndani yake mna utamu kidogo, kama majani ya chai yaliyosahauliwa kwenye birika. Juzi mjukuu wangu alifua sweta yake ya shule akaianika dirishani, nami nilipopita hapo miguu ikasimama yenyewe. Nikajikuta Kondele, mtaani kwetu Kisumu, nina miaka kumi na moja, mvua za masika zinapiga mabati, na moyo wangu unadunda kwa furaha kwa sababu ya uzi.

Najua mtacheka. Kisumu na sweta wapi na wapi? Lakini mwaka ule Mama alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuja na mvua, ndiyo maana akaitwa Okoth, na alikuwa mdogo mno. Nilimsikia muuguzi akimwambia Mama, "Huyu ni joto tu, Mama. Joto na maziwa. Akipata baridi, sitakudanganya." Hakumaliza.

Dani, bibi yangu mzaa baba, alikuja kutoka kijijini kwake Pap Onditi akaketi kwenye mlango wa chumba cha ndani kama askari. Kwa desturi aliyoijua yeye, mtoto wa namna ile haonwi na macho ya watu mpaka apate nguvu, hata yawe ya dada yake. "Rudi nyuma, Adhiambo," alinifukuza. "Macho yako ni mazito." Basi mdogo wangu nilimjua kwa sauti tu, sauti nyembamba ya kifaranga.

Nikaamua nitamfumia sweta. Kufuma nilikwisha kujifunza. Kila Jumamosi Mama Rispa, mke wa mwalimu wa kanisa letu, alitukusanya wasichana barazani akatufundisha. Sindano zetu zilikuwa spoki za baiskeli tulizoomba kwa fundi, tukazinoa kwenye ngazi ya kanisa mpaka ncha ziwe laini. Sindano hazikuwa shida. Shida ilikuwa uzi. Duka la Mhindi lilikuwa na mabonge yaliyopangwa nyuma ya kioo, ya waridi na ya rangi ya maziwa, nasi tulikwenda kuyatazama kama watu wanaotazama picha. Baba alisema kwa upole kwamba mwezi ule hataweza.

Nilipomweleza Mama Rispa alicheka. "Nani amekuambia uzi lazima utoke dukani? Uzi unatembea mjini, umevaliwa na watu! Tafuta sweta kuukuu, uifumue. Lakini kabla hujaichukua, igeuze ndani nje, utazame..."

Sikusikia alichosema nitazame. Nilikuwa nimeshafika barabarani, nakimbia.

"Sweta?" Dani alisema. "Kwetu zimetupwa kama maganda!" Akanieleza kwamba wanaume waliokwenda kuchuma chai Kericho walinunua sweta kwa sababu ya baridi ya kule juu. Wakishateremka nyumbani kwenye joto letu, sweta huwa mzigo. Siku ya soko alimwachia jirani mlango, akanichukua kwenda Pap Onditi.

Muuzaji alikuwa Mzee Obuya, naye alijitangaza kwa mwili wake: jua kali, na yeye amevaa sweta nene ya kijani, jasho likimtiririka hadi kidevuni.

"Mama, nunua! Baridi inakuja!"

"Inatoka wapi, Obuya?" Dani aliuliza.

"Imeshatoka Kericho, iko njiani!"

Nami nikaiona sweta nyekundu, imelala juu ya gunia, inang'aa kama imechovywa kwenye jua linalozama. Niliikumbatia. Sikuigeuza. Dani alitoa mayai matano, tukaondoka nikiruka.

Kesho yake niliketi barazani nikafungua mshono, nikavuta uzi. Ukaja urefu wa mkono, ukakatika. Nikavuta mwingine, ukakatika. Kufika adhuhuri nilikuwa na rundo la vipande vyekundu na macho mekundu zaidi. Mama Rispa alipokuja kumjulia hali Mama, aliokota kipande kimoja akakitazama ncha.

"Binti yangu, umenunua majani. Hii ilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa, kisha ikashonwa kwa cherehani. Kila mstari umekatwa ubavuni. Ndiyo maana nilisema utazame mshono."

"Nikiunga kwa mafundo?"

"Mafundo mia kwenye ngozi ya mtoto yule? Utamfumia sweta au mchongoma?"

Siku ya soko iliyofuata nilirudi na Dani, na mayai mengine. Safari hii niligeuza kila sweta kwenye gunia, nikakagua kila ubavu. Zote zilikuwa zimekatwa. Nilikuwa karibu kulia tena nilipoinua macho nikamwona Mzee Obuya mwenyewe.

"Baba, inua mkono."

"Nini?"

"Tafadhali, inua mkono, nitazame kwapani."

Watu walianza kusogea. Akainua mkono kwa mshangao, nami nikaipindua sweta ya kijani pale ubavuni. Ukingo ulikuwa mzima, laini. Uzi ulifika mwisho wa mstari ukageuka kurudi, kama ng'ombe wa kulima anavyogeuka mwisho wa shamba. Nikapiga kelele, "Hii! Hii hapa!"

"Hii ni yangu! Hii siuzi!"

"Obuya," alisema Dani, "vua. Jasho lako tu linatosha kunywesha ng'ombe wangu wote."

Soko zima liliangua kicheko. Mzee Obuya naye akacheka, akaivua juu ya kichwa chake, akapumua kama mtu aliyefunguliwa kamba. Mayai akayapokea mkono kwa mkono.

Wapendwa, mmewahi kuona sweta ikifumuka? Nilitafuta ncha shingoni, nikavuta, na uzi ukatoka, ukaendelea kutoka, trrrr, mstari baada ya mstari, bila kukatika! Watoto wa ploti yetu ya nyumba za kupanga walikimbia nao wakizunguka nguzo za kamba ya nguo, wakipiga vigelegele. Tuliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, tukauosha kwenye beseni, maji yakatoka rangi ya chai ya rangi. Tukautundika na jiwe chini ili mikunjo inyooke. Ulipokauka ulikuwa uzi mpya kabisa.

"Kila kitanzi, ombi moja," Mama Rispa aliniambia. Nilitii. Kitanzi, Mungu, joto. Kitanzi, Mungu, joto. Kwa kuwa sikuruhusiwa kumwona Okoth, kipimo nilikichukua kwa mtoto pekee aliyekuwapo plotini, Ajwang' wa jirani, msichana wa miezi tisa aliyenona mashavu. Niliona mtoto ni mtoto.

Siku ya tisa nilimaliza. Dani aliitazama ile sweta, akaipima kwa shubiri, kisha akanipisha mlangoni.

Okoth alikuwa kifuani mwa Mama, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa leso. Hakuzidi samaki wa kuuza sokoni. Niliitandaza sweta kitandani, nikaona mara moja: angeweza kulala ndani ya mkono mmoja wa sweta, na nafasi ibaki. Mama alitazama sweta, akamtazama mtoto, akaanza kulia. Nilitoka mbio nikajificha nyuma ya jiko, nikiamini nimemwaibisha mbele ya Mungu na watu. Aliniita mara tatu ndipo nikarudi. Alikuwa amemviringishia ile sweta mwili mzima, mikono ya sweta ameizungusha mara mbili.

Niliujua ukweli nikiwa nimeshaolewa, nina mtoto wangu. Mama aliniambia kwamba siku ileile tuliyonunua sweta ya kijani Dani alinunua kitambaa cheupe akakificha chini ya godoro. Baba alikuwa ameacha kulitaja jina la mtoto. Hata Mama Rispa, katika maombi yake, alikuwa ameanza kumwomba Bwana ampokee.

"Sisi sote tulikuwa tunajiandaa kumzika," Mama alisema. "Ndipo ukaingia na sweta ya mtoto anayeketi. Sikulia kwa sababu ni kubwa, mama. Nililia kwa sababu katika nyumba ile wewe peke yako ulikuwa unamfumia Okoth wa mwakani."

Nashukuru kwamba hakuna aliyenisahihisha. Mvua za mwaka uliofuata Okoth aliivaa, ikamkaa barabara, akaipaka uji kifua chote.