Mahali Pangu Nyuma ya Mama

Barabara ya gari kutoka Baraka kwenda Fizi ilikuwa nzuri miaka ile, kwa sababu wanaume walilazimishwa kuilima na kuifagia. Lakini akina mama wa mtaa wetu, pale Baraka, hawakuipenda. Inazunguka sana, ina jua, na lori likipita unakula vumbi mpaka koo linafunga. Sisi tulipita msituni.

Njia za miguu zilipanda mlima moja kwa moja. Sehemu moja ya msitu ule serikali ya Wabelgiji ilikuwa imeifunga: miti ya mpakani ilipakwa chokaa, na ndani yake hakuna aliyeruhusiwa kukata mti wala kufungua shamba. Kupita hakukukatazwa. Basi miti ilikuwa mikubwa, njia ilikuwa na baridi hata saa sita mchana, na udongo haukukauka kamwe. Mizizi ilikatiza njia ovyo, na mawe ya vijito yalikuwa na utelezi wa kijani. Ukifika mahali pa kupumzika, pale miti inapoachana kidogo, ungeona ziwa lote chini, na rasi ya Ubwari imelala ndani yake kama mtu aliyejifunika.

Tulipanda na ndagala, wale samaki wadogo waliokaushwa juani, na chumvi. Tulirudi na maharagwe, asali, na uyoga wakati wake. Mizigo tulibeba kichwani. Anayebeba kichwani hawezi kuinama aone anapokanyaga. Shingo inakaza, macho yanabaki mbele, na miguu inakwenda yenyewe. Kwa hiyo msafara wetu ulikuwa na desturi yake. Wa mbele alibeba mzigo mdogo sana ili aweze kutazama chini, na kila alichokiona alikitaja. Lakini sauti yake ilikwenda mbele ikamezwa na majani. Basi wa pili alilichukua neno lile na kulipaza nyuma: mizizi! tope! jiwe linateleza! Na wa mwisho kabisa alijibu, "Imefika!" ili wa mbele ajue hakuna aliyepotea.

Wa mbele alikuwa mama. Wa pili nilikuwa mimi.

Sikuwa mtu wa kusema. Shuleni kwa masista, nilipoulizwa jambo nililolijua, nililijibu moyoni, na mwenzangu akalijibu kwa mdomo akasifiwa. Kanisani nilifungua kinywa bila sauti kutoka. Kaka yangu alikuwa akimwuliza mama mbele ya wageni, "Mama, huyu dada yangu iko na ulimi kweli? Ulimuchungulia alipozaliwa?" Wageni wakacheka, nami nikatazama vidole vyangu vya miguu. Lakini njiani, nyuma ya mama, nilipaza. Maneno yalikuwa ya mama, sikuyaonea haya. Akina mama wote, hata shangazi yangu, dada ya baba, ambaye nyumbani hakuna aliyethubutu kumwamuru, waliinua miguu niliposema wainue. Siku ya kupanda mlima niliamka kabla ya kuitwa.

Ndipo kaka akaoa.

Alioa msichana wa juu, upande wa Fizi, ambako kaka alikuwa anajenga nyumba za walimu. Msichana huyo alikuwa na umri karibu na wangu. Alibeba kama wanavyobeba kwao: kikapu mgongoni, mkanda wa gome la mti umepita kwenye paji la uso, mwili umeinama. Siku ya kwanza ya kupanda nasi, akina mama walimcheka.

"Muke wetu anabeba sawa konokono na nyumba yake," shangazi alisema.

"Konokono hamwagi chumvi, shangazi," wifi yangu akamjibu, na wote wakacheka tena, mara hii wakicheka naye.

Mimi ningehitaji wiki nzima kupata jibu kama lile, na nikilipata nisingelisema.

Asubuhi ile tulipofika kwenye miti ya chokaa, nilisimama nyuma ya mama kama kawaida. Mama akanigusa bega.

"Mupishe wifi yako hapa. Iko mugeni wa msafara, asianguke."

"Na miye niende wapi?"

"Nyuma. Nyuma kuko nafasi."

Kweli nafasi ilikuwapo. Nilikwenda nyuma kabisa. Kazi ya wa mwisho ni neno moja tu, na neno lile nalo lilinikwama. Shangazi, aliyekuwa mbele yangu siku ile, akanisemesha bila kugeuka: "Wee, sema kwa nguvu! Unatembea nyuma sawa mukia ya mbuzi. Ata mukia inatikisikaka!"

Mbele kule wifi alikuwa anapaza. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi, sauti ya watu wanaoitana kutoka kilima hadi kilima. Nilisikia akina mama wakisema, "Hii njo sauti." Mimi nilikuwa nimepaza miaka yote, na hakuna aliyewahi kusema yangu ni sauti.

Tulipanda mara nyingi hivyo, kiangazi kikaisha, mvua zikaanza. Mahali pa kupumzika mama alimwita wifi akae karibu naye. Kukiwa na ukungu alimfunika kwa kikwembe chake, kitenge kile cha samawati ambacho mimi nilikuwa nakiomba kwa kukitazama tu. Wifi alimweleza majina ya miti: huu gome lake ni dawa ya tumbo, ule asali yake ni chungu. Mama alikuwa amepita chini ya miti ile tangu ujana wake, lakini aliinua uso na kuitazama kama ameletewa mipya. Nilikaa mbali nao na kipande changu cha muhogo. Nilitamani wifi ateleze. Si kuumia. Kuteleza tu, kikapu kiende upande, mama aone.

Hakuteleza. Visigino vyake vilikuwa vipana na vimepasuka, na vilikaa juu ya kila kitu, jiwe au mzizi, kama vimepatengeneza pale vyenyewe.

Lakini jambo moja nililigundua, na nililigundua kwa miguu yangu. Kule nyuma nilikuwa najikwaa kwenye mizizi ambayo haikutajwa. Nilimjua mama: hawezi kuiona mizizi ile akanyamaza. Basi maneno yalikuwa yanatoka kwa mama na kufia kwa wifi. Tope alilipaza. Siafu alipaza. Mizizi na mawe, mara chache. Nilianza kuyaweka moyoni yote aliyoyaacha, kama mtu anayeokota kuni, nikingoja mzigo utoshe.

Siku moja, tukipumzika, wifi alikwenda kuchota maji. Nikamsogelea mama.

"Mama, wifi hapitishi maneno yote."

Mama alikuwa anafunga upya mzigo wake. Hakuacha kufunga. "Wivu inakukula, mwanangu?"

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningeweza kulia. Alisema kama anayeuliza kama nina njaa. Nilirudi kukaa mahali pangu, na kuni zangu zote zikabaki mikononi.

Kisha ikawa siku ya kijito. Mvua ilikuwa imenyesha juu, na maji yalikuwa yamepanda mpaka karibu na migongo ya mawe tuliyokanyaga kuvuka. Siku ile shangazi alikuwa wa tatu, na mimi nilikuwa nimekaribia kuliko kawaida, kwa sababu kabla ya maji msafara hujikusanya. Mama alivuka kwanza. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Jiwe ya katikati inateleza. Mupite kuume." Wifi akavuka nyuma yake, ameinama chini ya mkanda wake. Alilikwepa jiwe la katikati bila kupunguza mwendo, akafika ng'ambo. Hakusema kitu.

Shangazi akalikanyaga.

Alianguka kwa kishindo, na beseni lake likaenda upande mwingine. Maji hayakuwa ya kina. Alibaki ameketi ndani yake mpaka kiunoni, kikwembe kimejaa hewa kumzunguka, na ndagala zake zote zikaanza kuelea na kuteremka na maji, mamia yao, vichwa mbele.

"Yee! Mama yangu wee! Samaki zangu zinarudi ku ziwa!"

Hatukuweza kuzuia kicheko hata wale tuliokuwa tunamkimbilia. Tuliingia majini na vikwembe, tukakinga, tukaokota. Kisha tukaona damu gotini kwake, na kicheko kikakatika.

Mimi nilisimama na ndagala zilizolowa kwenye kikwembe changu, na moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha. Sasa mzigo umetosha, na sikuhitaji hata kuubeba mwenyewe. Niliitazama nafasi ile nyuma ya mama kama kiti kilichoachwa wazi.

Mama alimfunga shangazi goti kwa majani na kipande cha kitambaa. Kisha akamgeukia wifi.

"Nilisema jiwe inateleza. Ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

"Na haukusema. Juu ya nini?"

Wifi alikuwa ameshika mkanda wake kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza nilimwona ametafuta maneno na kuyakosa, nami nilijua vizuri jinsi inavyokuwa.

"Mama, jiwe si iko wazi? Kila mutu anaiona. Kwetu, ukiambia mutu mukubwa 'hii ni jiwe, hii ni muzizi', anasema umemutukana. Anasema, 'Unazania miye niko kipofu?'"

Kisha shangazi, bado ameketi kando ya kijito na mguu umenyooshwa, akasema:

"Basi, muke wetu, miye unitukane! Unitukane asubuhi, unitukane magaribi, niko tayari!"

Kicheko kilichotoka pale kilimaliza kesi yote. Hata mama alicheka mpaka akajifuta macho. Akamvua wifi mkanda, akachukua beseni la shangazi, akamtwika kichwani. "Tembea."

Wifi alitembea hatua chache, shingo imekaza, mikono hewani. Akasimama. "Lo! Munatembeaka hivi? Bila kuona miguu?"

"Hivi," mama akasema. "Tangu tumezaliwa."

"Pole, bamama. Pole sana. Miye sikujua."

Mama akamtua beseni, akamrudishia kikapu mgongoni na mkanda kwenye paji la uso. Akamtazama jinsi alivyoinama, macho yake jinsi yalivyoelekea chini yenyewe, bila kazi. Niliona mama anafikiri, na nilidhani anafikiri juu yangu.

"Tangu leo wewe utatembea mbele," akamwambia. "Macho yako iko chini saa yote, miye yangu inachoka. Lakini utaje kila kitu. Ata kajiwe."

"Na wewe, mama?" shangazi akauliza.

"Miye nitakuwa wa pili."

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na swali moja tu, fupi, na halikutoka. Mama akaliona pale midomoni, au labda aliona tu kwamba nimesimama majini peke yangu.

"Kuja, ukae nyuma yangu," akasema.

Basi nikawa wa tatu. Tulianza kupanda ng'ambo ya pili, mahali penye mwinuko mkali. Mgongo wa mama ulikuwa mbele yangu tena, karibu kama zamani, na nilikanyaga alipokanyaga. Lakini yeye naye alikuwa anatazama miguu ya mtu. Miaka yote sikumjua mama kuwa mtu wa kutazama miguu ya yeyote. "Angalia namna anaweka muguu," aliniambia bila kugeuka, na sauti yake ilikuwa laini. "Anaanza na kisigino. Njo maana haanguke." Mimi nilikuwa nimefuata visigino vya mama tangu utoto, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna vingine vya kusifiwa.

"Mizizi," wifi akasema.

"Mizizi," mama akasema, kama anayezungumza peke yake.

"Nini? Hatusikie!" wakaita kutoka nyuma.

Mama alisimama, mkono kiunoni. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka. "Sema wewe," akaniambia. "Miye pumzi inakatika."

Nikapaza mizizi. Nikapaza tope. Yalikuwa maneno ya wifi. Yalipitia kwa mama na kunifikia bado yana ile sauti nyembamba ndani yake, na kila moja nililitoa kama kitu kilichoazimwa. Shangazi nyuma yangu alichechemea na kunisifu. "Ee, njo hivyo! Kumbe ulimi iko!" Sikufurahi.

Tulipokaribia kileleni wifi akasema, "Siafu! Wengi!"

Neno lilinifikia. Nilitamani kulimeza, liishie kwangu, ili isijulikane kwamba aliona vizuri tena. Nyuma yangu nilisikia mguu wa shangazi ukijikokota. Nikapaza, "Siafu! Mukimbie!" Nilipaza kuliko siku zote za maisha yangu, mpaka ndege wakaruka juu ya miti, na kusema kweli sikuwapazia walio nyuma peke yao. Nilitaka wale wawili wa mbele wasikie ni sauti ya nani.

Hawakusikia, au walisikia na hawakuwa na nafasi ya kugeuka. Wifi alikuwa ameshaanza kukimbia, kikapu kinaruka mgongoni, na mama nyuma yake, amekunja kikwembe mpaka magotini, anacheka kama msichana, anakanyaga pale pale wifi alipokanyaga. Nikashika mzigo wangu kwa mkono mmoja nikawakimbilia.