Nilikuwa nafanya mazoezi ya usaili wa chuo cha sanaa, majirani wakaja kumzika baba yangu

Wakuu, habari za huko mliko. Nimechoka, kwa hiyo sitapamba kitu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na walio Muleba watanielewa haraka.

Natokea Ijumbi. Nimehangaika muda mrefu kutafuta nafasi ya kusomea maigizo. Safari hii walimu wa chuo walikuja kufanya usaili Bukoba mjini, na kwa umri wangu nilijua nikikosa hapa basi tena, ni jembe na kahawa moja kwa moja.

Kila mmoja alitakiwa aandae kipande cha kuigiza peke yake. Nikachagua mama aliyefiwa na mume.

Hapo ndipo nilipochemka.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa ndani anaumwa kifua. Nikaona nisimsumbue. Nikaenda katikati ya kibanja, kwenye migomba, nikalia msiba. Nililia vizuri hasa, mpaka nikajionea huruma.

Sasa kwetu ukisikia mwanamke analia vile, huulizi. Unaacha jembe, unajifunga kanga kiunoni, unaenda. Na wote walijua Tata ni mgonjwa.

Niliporudi uani nikakuta wanawake wanalia, wengine wametua kuni na mikungu ya ndizi. Mzee mmoja anatafuta kwa macho sehemu ya kuchimba kaburi.

Tata akatoka na blanketi lake. "Karibuni," akasema. "Nani amekufa?"

Hakuna aliyecheka. Jirani yetu Mama Koku akaniambia, "Binti, mtu aliye hai unamlilia? Siku ukilia kweli, nani atakuja?" Wakabeba kuni zao, wakaondoka.

Aibu ile ilinimaliza. Kuanzia hapo nikawa nafanya mazoezi chumbani, kwa kunong'ona, uso kwenye mto.

Siku ya usaili nikafungua mdomo, sauti haitoki. Mwalimu mmoja, mama mtaratibu tu, akasema, "Naona unalia ila sikusikii. Keshokutwa tunamalizia, urudi na sauti."

Nikarudi Ijumbi hoi. Nikamwambia Tata naacha, sina nguvu tena.

Asubuhi akachukua kigoda, akajikongoja hadi barabarani, akakaa pale ambapo kila anayepita lazima amwone. Akaniita.

"Haya, nenda kalie. Atakayekuja mbio atanikuta hapa."

Wakuu, nililia. Huku nalia namsikia anasalimiana na watu, anakohoa, anawaambia binti yangu yuko masomoni kule migombani. Mama Koku alipita, akasimama naye kidogo, akaendelea na safari yake.

Nikarudi Bukoba, sauti ikatoka. Juzi wamenipigia simu, nimepata nafasi.

Nilichojifunza ni kwamba ukitaka kufanya jambo ambalo watu wa kwenu hawajawahi kuliona, waambie mapema. Usiwashtue halafu utegemee wakuelewe.

Ila furaha yenyewe siioni. Kifua cha Tata hakijapona, na anayempikia uji ni mimi. Nikimgusia habari ya kuahirisha anageukia ukutani.

Mliowahi kumwacha mzazi mgonjwa mkaenda kusoma, naombeni mniambie ukweli. Siku ya kuondoka mlimuagaje?